Bado Hayupo

Sehemu ya saba

“Aliyesema ni mimi.”

Hapo ndipo nilipowaacha Jumamosi iliyopita, na najua mmenisema wiki nzima. Masikio yangu bado ya moto. Haya, tusameheane, turudi dirisha namba nne.

Na wewe ambaye gazeti lako lilifungiwa misumari dukani kabla hujalisoma, sogea nikunong'oneze upesi.

Yule mama fundi cherehani, mtaa mzima unamwita Fundi, ana binti wa miaka sita, Kidoti. Moyo wa Kidoti una tundu. Ndege ya kumpeleka kwa madaktari inaondoka Ijumaa. Leo ni Jumatano, na orodha ya watoto watakaopanda inafungwa saa kumi alasiri. Hospitali imesema wazi: cheti cha kuzaliwa chenye jina la mtoto na majina ya wazazi wote wawili, la sivyo nafasi inakwenda kwa mtoto mwingine.

Cheti cha Kidoti kipo. Tatizo ni kilichoandikwa.

Siku Kidoti anazaliwa, Fundi alikuwa chumba cha upasuaji, hajitambui. Mumewe, dereva wa malori ya masafa marefu, alikuwa njiani. Karani wa wodi akaja na fomu yake. Kwenye benchi alikuwepo mtu mmoja tu: mama mkwe.

“Jina la mtoto?”

“Bado.”

“Jina la baba?”

“Hayupo.”

Karani akaandika kama alivyosikia, akaenda kunywa chai. Ndivyo alivyokuja duniani binti aitwaye Bado, mtoto wa Bwana Hayupo.

Chekeni. Ila kidogo tu, maana Fundi hacheki.

Sheria inasema marekebisho hayafanyiki mpaka mtoa taarifa, yaani yule aliyetaja majina siku ile, aje mwenyewe aape kwamba ilikuwa makosa. Na mtoa taarifa huyu hajazungumza na Fundi kwa miaka sita. Fundi ametuma majirani wanne, wote wamerudi na mlango usoni. Leo anamlilia karani amsamehe sharti hilo, karani anatikisa kichwa, na ghafla nyuma yake sauti inasema: aliyesema ni mimi.

Fundi aligeuka.

Mama mkwe alikuwa amesimama katikati ya ukumbi wa uandikishaji, mwavuli mkononi kama bunduki, mtandio umefungwa kidevuni kwa hasira. Foleni ilimpisha bila kuambiwa.

“Shikamoo, mama,” Fundi alisema.

Hakujibiwa. Shikamoo ikabaki ikielea pale hewani kama nguo iliyosahaulika kwenye kamba.

“Karibu, mama,” alisema karani. Huyu foleni inamwita Bwana Kesho, kwa sababu neno hilo humtoka kabla ya salamu. Hata yeye leo aliweka kalamu sawa. “Wewe ndiye mtoa taarifa?”

“Ndiye.”

“Uliulizwa jina la baba, ukasema hayupo?”

“Nikasema.”

Fundi alishika ukingo wa dirisha kwa mikono miwili. Mungu mkubwa! Amekuja! Ameshakubali!

“Basi hapa unaapa tu kwamba ilikuwa makosa, unaweka dole, tunamaliza.”

“Makosa gani?” aliuliza mama mkwe.

Kalamu ya karani ikasimama hewani.

“Mimi sikukosea. Niliulizwa, nikajibu. Hayupo ni hayupo.”

“Mama,” Bwana Kesho alikohoa, “nadhani ulikuwa na maana kwamba mwanao alikuwa safarini...”

“Usinidhanie. Mwanangu alirudi nyumbani mwezi wa pili, baada ya miezi minne barabarani. Mtoto kazaliwa mwezi wa tisa, tarehe tatu. Kusoma sijui, lakini kuhesabu najua, vidole ninavyo kumi. Hiyo ni miezi saba. Baba wa mtoto yule simjui. Nilisema hayupo, na leo nasema hayupo!”

Foleni ikavuta pumzi kwa pamoja. Mama mmoja mnene aliyekuwa na nambari ishirini na sita alisahau kabisa kilichomleta.

“Alizaliwa njiti, mama!” Fundi alipaza sauti. “Mtoto njiti! Alilala wiki tano kwenye kile kisanduku cha joto, mwepesi kuliko pasi yangu ya mkaa! Wauguzi wote wanajua. Wewe tu hukuja kumwona, hata siku moja!”

“Nije kumwona wa nani?”

“Basi leo umefuata nini hapa?”

“Nimefuata usingizi wangu. Majirani wanne wamekuja kunigongea kana kwamba nimeiba kuku wenu. Nimekuja kukuambia machoni: uniache.”

Akageuka.

Hivyo tu. Sekunde tano zilizopita Fundi alikuwa na kiapo mkononi. Sasa alikuwa na mgongo wa mama mkwe.

“Bwana mkubwa,” alimgeukia karani, “nakuomba. Mtoto huyu madaktari wamesema hafiki msimu ujao bila kutengenezwa. Niape mimi. Aape nani? Niape mara tatu!”

“Dada, wewe ulikuwa hujitambui. Huwezi kuapa ulichosikia umelala.” Bwana Kesho alishusha pazia la dirisha nusu. Hakuwa mtu mbaya, ila fomu zilimkaa kichwani mahali ambapo wengine wana huruma. “Bila mtoa taarifa hakuna kitu. Labda umbembeleze nyumbani, halafu urudi...”

“Usiseme!”

“...kesho.”

Foleni nzima ilisonya.

Saa ya ukutani ilionyesha saa nane na dakika arobaini.

Wakati huohuo simu ya Fundi ikalia. Kuna watu wana kipaji cha kupiga simu wakati wa msiba. Alikuwa ni yule Mteja wa Ijumaa. Mnamkumbuka? Yule aliyeagiza gauni la njano la mtoto na kila akifungua mdomo anasema anasafiri Ijumaa. “Mpime tu huyo wako,” alisema siku ile, akimpa Kidoti pipi, “yeye na wangu wana kimo kimoja.” Gauni alilichukua jana.

“Fundi, uko wapi? Nimekuta kufuli dukani.”

“Niko uandikishaji wa vizazi,” Fundi alijibu akifuta machozi kwa kiganja. “Dirisha la nne. Nina shida kubwa, mpenzi, nitakupigia.”

“Ooh, pole. Na mtoto umemwacha na nani?”

“Niko naye hapa. Yuko kwenye benchi.”

“Basi usihangaike. Tutaonana tu.”

Simu ikakatika. Fundi hata hakujiuliza. Mtu anayezama haulizi nani kampungia mkono.

Mama mkwe alikuwa ameufikia mlango. Katika kuvuta mtandio wake mwavuli ukamponyoka, ukabingirika chini ya benchi la wanaosubiri. Hakuona. Aliyeona alikuwa binti mmoja mwembamba aliyekaa peke yake benchini, miguu haifiki chini, doti jeusi juu ya mdomo.

“Bibi! Mwavuli wako!”

“Kidoti, usikimbie!” Fundi alipiga kelele.

Kachelewa. Hatua sita. Msomaji, wewe na mimi tunazipiga hatua sita bila kujua tumezipiga. Kidoti alizipiga, akaunyoosha mwavuli, na kabla bibi hajaupokea akachuchumaa chini katikati ya watu, magoti yamebana kifua, kichwa kimeinama, midomo imegeuka rangi ya wino.

“Huyu mtoto anatafuta nini chini?” mtu aliuliza.

“Anatafuta pumzi,” Fundi alijibu. Alikuwa ameshafika, amepiga magoti, anamsugua mgongo. “Taratibu, mama. Taratibu. Zitakuja.”

Mama mkwe hakuupokea mwavuli. Alikuwa amesimama wima, mkono bado umenyooka, macho hayapepesi.

“Nani amemfundisha kukaa hivi?”

“Hakuna aliyemfundisha. Akichoka anachuchumaa mwenyewe. Daktari anasema ndivyo wanavyofanya watoto wa aina yake, damu inapata...”

“Daktari simuulizi.” Sauti ya yule mwanamke ilikuwa imeshuka, imekuwa ya mtu mwingine kabisa. “Nionyeshe mkono, wewe mtoto.”

Kidoti alinyoosha vidole. “Kucha zangu ni za bluu,” alieleza kwa pumzi fupifupi, kwa fahari kidogo. “Lakini mama hanipaki rangi. Zinajipaka zenyewe.”

Mama mkwe alikishika kile kimkono. Akakigeuza. Akakigeuza tena.

“Kabla ya mumeo nilizaa binti,” alisema, na hakuwa anamwambia mtu yeyote hasa. “Akitumwa maji, njiani anachuchumaa. Akicheza na wenzake, anachuchumaa. Hivihivi. Magoti hivihivi. Tulikuwa tunamchapa. Tukisema mvivu huyu, anakwepa kazi. Mimi nilimchapa.”

Mihuri kule madirishani ilinyamaza.

“Aliishia miaka saba.”

Miaka sita Fundi alikuwa ameandaa maneno ya kumtupia mwanamke huyu, ameyanoa, ameyapanga. Yote yakamkimbia.

Mama mkwe akavuta kamasi, akajifuta kwa ncha ya mtandio, akamtazama mkwewe usoni kwa mara ya kwanza.

“Marahaba,” alisema.

Shikamoo ile ilikuwa ikisubiri, ikashuka.

*

Pazia la dirisha namba nne lilikuwa limeshushwa lote. Mama mkwe aliligonga kwa mpini wa mwavuli mpaka kioo kikalia.

“Fungua! Nimekumbuka!”

Pazia lilipanda kidogo. Yakatokea macho ya Bwana Kesho na kikombe. “Umekumbuka nini?”

“Kwamba nilikosea.”

“Mama, dakika kumi zilizopita hapa mbele ya mashahidi...”

“Dakika kumi zilizopita nilikuwa mjinga. Kama fomu yako ina nafasi, andika na hilo.”

“Kuapa uongo ni kosa, mama.”

“Uongo niliusema miaka sita iliyopita na ukaugongea muhuri. Leo nakuletea ukweli unaniuliza maswali? Andika, baba! Saa inakwenda!”

“Andika!” ilisema foleni.

Akaandika. Kalamu ya Bwana Kesho ilikuwa na mwendo wa konokono aliyekula akashiba, na Fundi alihesabu kila herufi kwa mapigo ya moyo wake. Kwamba mimi, mtoa taarifa, niliposema “hayupo” nilikuwa na maana kwamba baba wa mtoto, ambaye ni mwanangu wa kumzaa, hayupo wodini, yupo njiani na lori. Kwamba niliposema “bado” nilikuwa na maana kwamba mtoto hajapewa jina.

“Na jina lake sasa ni nani?”

Fundi akalitaja. Lile zuri, alilolitunza kifuani tangu mimba ya miezi mitatu na hakuwahi kuliona kwenye karatasi yoyote ya serikali.

“Na Bado mtalitupa?” Kidoti aliuliza kutoka benchini, ambako alikuwa amerudishwa kukaa. “Mimi nimeshalizoea.”

Fundi alicheka. Kicheko cha kwanza tangu sehemu ya tatu ya hadithi hii, kama mnahesabu.

“Lete dole gumba,” alisema Bwana Kesho, akisogeza kidau cha wino.

“Dole hili nalo,” mama mkwe alinung'unika akilichovya, “mwezi huu limefanya kazi kuliko mimi mwenyewe. Juzijuzi tu mwanangu kaniletea makaratasi ya lori lake, nimebonyeza kurasa tatu mpaka nikachoka.”

Hakuna aliyemsikiliza. Hata wewe ungeliruka neno hilo, kwa mbio tulizokuwa nazo.

Saa tisa na dakika tano.

“Bado kitu kimoja,” Bwana Kesho alisema.

“Usituambie kesho!”

“Si kesho. Juu.” Alinyoosha kalamu kwenye dari. “Marekebisho yanaandikwa kwa wino mwekundu kwenye daftari kuu lenyewe, mtoa taarifa akishuhudia. Nikishaandika natoa cheti kipya hapohapo. Robo saa. Tupande.”

Ngazi zilikuwa arobaini na mbili. Fundi alizitazama, kisha akamtazama Kidoti. Hatua sita zilikuwa zimempaka midomo wino. Arobaini na mbili zingempaka nini?

“Niachieni hapa,” alisema askari wa mlangoni, jamaa mwenye masharubu mazito yaliyopinda kama mishikio ya baiskeli. Alikuwa ameshuhudia sinema yote na sasa alitaka naye jina lake liwemo. “Mlango huu nina miaka kumi na moja. Hapa hatoki mtu na mtoto ambaye si wake. Cheti kwanza!”

“Mungu akubariki, kaka.” Fundi alimbusu Kidoti utosini. “Dakika chache tu, mama. Usikimbie. Usitembee hata. Kaa.”

“Nikae na mwavuli wa bibi?”

“Kaa nao,” alisema mama mkwe.

*

Ghala la madaftari lilinuka vumbi na gundi ya zamani. Mtunzaji wake alikuwa mzee mmoja mwenye miwani iliyofungwa kwa uzi, na alipoambiwa mwaka na mwezi alikwenda moja kwa moja kwenye rafu bila kuangalia, kama mtu anayekwenda kitandani kwake gizani. Alirudi na daftari kubwa kama mto wa kulalia. Akalipuliza. Akalifungua.

Akakunja uso.

“Huyu ameshafanyiwa.”

“Ameshafanyiwa nini?” aliuliza Bwana Kesho.

“Marekebisho. Wiki tatu zilizopita. Wino huu hapa.”

“Haiwezekani. Mimi ndiye ninayeshika marekebisho.”

“Ulikuwa likizo. Alikaa mwenzako.”

Fundi alijipenyeza kati yao. Ndiyo! Neno “Bado” limekatwa kwa mstari mwekundu, ulionyooka kwa rula, na juu yake limeandikwa jina, lile lile zuri la kifuani. Neno “Hayupo” limekatwa. Na juu yake, herufi kwa herufi, majina matatu ya mume wake.

Alishika kichwa.

“Amefanya! Mama, mwanao amefanya! Alikuja mwenyewe, akatengeneza kimyakimya, hakutaka kunipa presha!” Machozi na kicheko vilimtoka pamoja, havijui kipi kitangulie. Wiki tatu nzima mume wake alikuwa akimwambia kwa simu yuko mpakani, lori limekwama, asimtegemee. Kumbe! Kumbe alikuwa anamwandalia mshangao! Na yeye usiku na mchana alikuwa anamlaani!

Mama mkwe alipiga kigelegele kimoja, kikavu, cha mtu aliyekosa mazoezi miaka sita.

“Basi toeni nakala tukimbie hospitali,” Fundi alisema. “Saa tisa na robo, tunawahi! Tunawahi kabisa!”

Hakuna aliyesogea.

Mzee wa madaftari alikuwa ameivua miwani, ameipangusa, ameirudisha. Kidole chake kilikuwa kinateremka kwenye ukurasa polepole.

“Ngojeni kwanza,” alisema. “Mimi naona mistari iliyokatwa ni mitatu.”

Mtoto, mmoja. Baba, wa pili.

Fundi alikifuata kile kidole mpaka kiliposimama.

Jina la mama.

Majina yake mwenyewe, yale aliyopewa na wazazi wake na aliyoandikiwa shuleni, yalikuwa yamepigwa mstari mwekundu kwa rula. Na juu yake palikuwa na majina ya mwanamke mwingine.

Aliyajua majina hayo. Aliyaandika kwa mkono wake kwenye kitabu cha vipimo dukani. Kifua, kiuno, urefu. Gauni la mtoto, rangi ya njano, haraka, mteja anasafiri Ijumaa.

“Kiapo kimeambatanishwa,” Bwana Kesho alisoma, na sauti yake ilikuwa imepoteza ule uvivu wote. “Mtoa taarifa anaapa kwamba siku ile wodini alichanganya wazazi wawili waliojifungua siku moja, akakosea majina yote matatu. Limewekwa dole gumba. Kurasa tatu. Na mwenzangu hakumtaka aje mwenyewe.””

Mama mkwe alisogeza uso karibu na karatasi. Kusoma hajui, lakini kile hakikuhitaji kusomwa. Katikati ya lile dole la wino ulipita mstari mweupe wa mshazari. Akainua dole lake mwenyewe, bado bichi la wino wa chini, akaliweka pembeni. Kovu la kisu, la tangu usichana. Mshazari uleule.

“Makaratasi ya lori,” alinong'ona. “Alisema ni makaratasi ya lori. Mwanangu. Mwanangu wa kumzaa!”

Akaanza kulifuta dole kwenye sketi yake, akalifuta, akalifuta, kana kwamba lingetoka na ngozi.

Bwana Kesho alilitazama daftari, akamtazama Fundi, akalitazama daftari tena. Msimchukie. Kichwa chake kilikuwa kinauliza swali ambalo fomu yoyote ingeuliza.

“Dada,” alisema taratibu. “Kwa mujibu wa hili daftari... wewe ni nani wa huyu mtoto?”

Fundi hakumsikia.

Alikuwa anasikia vitu vingine. *Mpime tu huyo wako.* Alikuwa anasikia simu. *Na mtoto umemwacha na nani?* Niko naye hapa, yuko kwenye benchi. *Basi usihangaike. Tutaonana tu.*

“Nakala ngapi zimetolewa?” aliuliza.

Mzee akaangalia pembeni mwa ukurasa. “Moja.”

Na kutoka chini, ngazi arobaini na mbili, kitu kingine kikamrudia kwa sauti nzito ya masharubu. *Hapa hatoki mtu na mtoto ambaye si wake. Cheti kwanza!*

Alitoka mbio. Ngazi hakuzihesabu. Kiatu kimoja kilibaki njiani, akakiacha. Alimpiga kikumbo mama wa nambari ishirini na sita, makaratasi yakaruka, akakatiza ukumbi akiita jina, lile la nyumbani, halafu lile zuri, halafu, Mungu amsamehe, hata lile la kwenye cheti.

Benchini kulikuwa na mwavuli. Pembeni yake kigauni cha zamani cha Kidoti, kile cha bluu chenye kiraka, kimekunjwa vizuri. Na karatasi tupu ya pipi.

Askari wa mlangoni alisimama wima, akatabasamu.

“Aa, dada, usihofu. Mama yake amekuja kumchukua.”

“Nani?”

“Mama yake. Nilimwambia mimi mwenyewe, huyu mtoto ana mama, yuko juu. Akasema wewe ni shangazi tu, akaniwekea cheti mkononi. Muhuri mbichi kabisa, jina lake, kitambulisho chake, kila kitu sawa. Sasa mimi nani nibishane na muhuri?” Masharubu yakaanza kushuka, kwa sababu sasa alikuwa anamwona Fundi usoni. “Na mtoto mwenyewe alimfurahia. Amemvalisha gauni jipya la njano hapahapa. Limemkaa utadhani alipimwa yeye. Wameondoka na gari, hazijapita dakika kumi... Dada? Dada, wewe si shangazi yake?”

Fundi alikuwa ameshika kile kigauni cha bluu. Bado kilikuwa na joto.

Nyuma yake, ngazini, alisikia hatua nzito zikishuka moja moja, pumzi inapiga mluzi, dole lililojaa wino likishika ukuta na kuacha alama kila hatua. Mama mkwe alifika ngazi ya mwisho. Akatazama benchi. Na kwa mara ya kwanza tangu mtoto yule azaliwe, neno lile likamtoka kinywani:

“Mjukuu wangu yuko wapi?”

Fundi alifungua mdomo. Kati ya maneno yote ya dunia, likamjia lile moja tu.

“Hayupo.”